Kimya, Tunarekodi

Nukta alisimamisha video, akairudisha nyuma kidogo, akabana hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili. Kwenye skrini Daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda cha chumba cha dharura, mikono ameinyoosha, anabonyeza kifua cha mdoli wa mpira. "Bonyeza kwa nguvu, bonyeza kwa kasi, usimpe kifo nafasi," alikuwa akisema kwa ile sauti yake nzito iliyopendwa na wanafunzi. Nyuma ya sauti hiyo, kwa mbali, kama mtu anayeita akiwa ndani ya mtungi, mwanamke alikuwa akibembeleza.

"Sista, nakuomba. Nimemleta mara tu alipobanwa kifua. Mwangalieni jamani, anazidiwa."

Binti huyo akavua hedifoni. Chumba cha kompyuta cha chuo kilikuwa kama kawaida: feni inakwaruza, wenzake wanabishana juu ya maswali ya mtihani, mmoja amelala kifudifudi juu ya meza. Akazivaa tena. Hakuwa na haja ya kusikiliza mara ya pili, lakini alisikiliza. Ile ilikuwa sauti ya mama yake.

Siku hizo chuo kilikuwa kimeingia wazimu wa video. Daktari, ambaye wanafunzi walimwita Daktari Kamera wakiwa na uhakika hayupo karibu, alirekodi kila kitu: jinsi ya kufunga jeraha, jinsi ya kumtoa mtoto kitu kilichomkwama kooni, jinsi ya kutumia mashine ya kushtua moyo. Masomo yale yalitazamwa kwenye simu hadi na watu wasiojua njia ya kufika chuoni. Sasa wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuyaona, na Daktari alitaka kila somo liwe na maandishi ya chini, ili hata asiyesikia vizuri afuate. Nukta aliandika vizuri na hakuwa na maneno mengi. Daktari akamkabidhi flashi yenye video zote kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla hazijakatwa na kutiwa muziki.

"Andika kila kinachosemwa," alimwambia. "Usiache kitu."

Nukta akaendelea kutazama. Kwenye skrini, Daktari aliacha kubonyeza, akanyoosha mgongo, akageukia mlango kwa uso wa mtu aliyekatizwa usingizi. "Sista, wanyamazishe hao huko nje. Tunaanza upya." Akajipangusa jasho, akaitazama kamera, akatabasamu. "Karibuni. Leo tunajifunza dakika za mwanzo, zile ambazo kila sekunde ni uhai."

Hapo nje, kwenye benchi, baba yake Nukta alikuwa anakufa.

*

Kifo chenyewe familia ilikijua kwa namna nyingine. Baba alikuwa fundi wa friji. Asubuhi ile alilalamika tumbo limejaa gesi, mkewe akampa chai ya tangawizi, akanywa, akaenda karakana akipiga mluzi. Mchana akabanwa kifua. Mama aliacha cherehani na nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano, akamkimbiza hospitali. Mlangoni pa chumba cha dharura kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa plasta: KIMYA, TUNAREKODI SOMO. Muuguzi aliyesimama hapo aliwaonyesha benchi.

Daktari alipotoka, mgonjwa alikuwa ameshalegea begani kwa mkewe. Alimpima, akafumba midomo, akauliza, "Mlimpa nini nyumbani?"

"Chai ya tangawizi tu, Daktari. Asubuhi."

"Mmemchelewesha, mama. Moyo hautibiwi kwa tangawizi."

Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, alifika akihema wakati maneno hayo yanatamkwa. Hakusikia mengine. Mama alieleza habari ya benchi, ya karatasi, ya mlango uliofungwa. Muuguzi akainamisha macho akasema hawakuwa wamekaa sana. Tangu siku ile Baba Mkubwa hakumwita tena shemeji. Alimwita Bi Tangawizi. Alimwita hivyo msibani, mbele ya watu waliokuja kuhani. Alimwita hivyo siku alipokuja na mkokoteni kuchukua zana zote za karakana, mitungi ya gesi, vifaa vya kuchomelea, mpaka kiti alichokalia marehemu, "nizitunze, maana wewe kutunza hujui." Jina likashika mtaani. Wateja walikuja na vitambaa, wakicheka: "Bi Tangawizi, blauzi yangu ipo tayari, au nayo umeichelewesha?" Mama alipima, akakata, akashona.

Lililomuuma Nukta pale mbele ya kompyuta si jina hilo. Alikuwa shule ya bweni wakati baba anakufa, na aliporudi, swali lake la kwanza kwa mama lilikuwa, "Kwa nini hukumpeleka mapema?" Mama alimtazama tu. Kisha akaenda kumpashia chakula.

*

Nyumbani Nukta alimkuta mama anatarizi ukosi wa shati, miwani imeshuka puani. Hakuzunguka. Alimvika hedifoni, akabonyeza simu aliyohamishia ile video.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakulia.

"Rudisha."

Akarudisha.

"Kumbe alinisikia," mama alisema. "Mimi siku zote nilijua mlango ni mnene. Nilijiambia, huyu mtu hakusikia, angesikia angetoka. Kumbe alinisikia."

"Mama, naituma leo hii. Naituma kila mahali. Kabla hajala chakula cha jioni, nchi nzima itakuwa inamtukana."

"Usitume."

"Mama!"

"Ukiituma kwenye masimu, watu watalia kidogo, watatukana kidogo, kesho kutatokea jambo lingine watalikimbilia. Naye atazima simu yake, atakwenda kulala." Alivua miwani, akaipangusa kwa kipande cha kitambaa. "Nataka awe amekaa. Amevaa vizuri, na watu anaowaheshimu wamemzunguka, na asiwe na pa kutokea. Hao wageni wanakuja lini?"

"Wiki ijayo."

"Na yeye alikuambia uandike kila kinachosemwa?"

"Kila kinachosemwa."

"Basi mtii mwalimu wako, mwanangu."

Nukta alimtazama mama yake kama mtu aliyefungua mlango wa chumba anachokijua, akakuta ngazi inayoshuka chini. Wote wawili wakaanza kucheka, kicheko cha pumzi, midomo imefumbwa, mpaka machozi yakawatoka. Kisha mama akasema, "Na Baba yako Mkubwa lazima awepo. Huyo niachie mimi."

Alimpigia simu papo hapo, kwa sauti laini kama pamba. "Shemeji, mtoto wenu anaheshimiwa chuoni mbele ya wakubwa. Kazi yake itaonyeshwa ukutani. Sasa mimi mwanamke peke yangu, nitakaaje huko? Ukoo uonekane." Upande wa pili ukakohoa kwa fahari. Ukoo ungeonekana.

*

Ukumbi ulikuwa umepambwa kwa mapazia mapya. Wageni walikaa safu ya mbele: madaktari kutoka hospitali kubwa, watu wa wizara, na profesa mmoja mama mtu mzima, mfupi, mwenye mvi, ambaye kila aliyepita mbele yake aliinama kidogo. Baba Mkubwa alifika na koti lililombana kwapani na viatu vilivyong'aa kuliko meza. Aliketi safu ya pili karibu na shemeji yake, akamwegemea.

"Leo usiseme sana, Bi Tangawizi. Ukiulizwa kitu, niachie mimi."

"Nimekuelewa, shemeji."

Nukta alikuwa pembeni ya jukwaa, mbele ya kompyuta iliyounganishwa na projekta. Usiku wa kuamkia siku hiyo alijiuliza mara nyingi kama angeweza, na kila alipotaka kurudi nyuma alimwona mama akimpashia chakula bila neno.

Daktari alipanda jukwaani akapigiwa makofi. Alizungumza vizuri, hilo hata adui yake asingemnyima. Alisema zamani mwanafunzi alijifunza juu ya mwili wa mgonjwa, akakosea juu ya mwili wa mgonjwa. "Leo, kwa video na mdoli, mwanafunzi anakosea mara mia bila kumgharimu mtu yeyote. Ndugu zangu, kwa masomo haya hatujahatarisha hata mgonjwa mmoja." Makofi tena. Akamwashiria Nukta kwa kidole. "Na maandishi ya chini yameandaliwa na mwanafunzi wetu. Anza, binti."

Akashuka akaketi kati ya wageni, na Nukta akabonyeza.

Muziki ukaanza, ule wa siku zote, wa kinanda, ambao Nukta aliutia juu ya video isiyokatwa. Daktari akatokea ukutani, mkubwa kama nyumba, anabonyeza kifua cha mdoli. Maandishi meupe yakapita chini: *Bonyeza kwa nguvu, bonyeza kwa kasi.* Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Shemeji," mama alinong'ona, "yale maandishi yanasemaje? Macho yangu siku hizi hayaoni mbali."

Mwanamke aliyekuwa akitunga uzi kwenye tundu la sindano bila taa! Lakini Baba Mkubwa alipenda kuombwa. Alikohoa, akaanza kumsomea kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Anasema, usimpe kifo nafasi. Halafu... 'Mwanamke, nje ya mlango: Sista, nakuomba. Nimemleta mara tu alipobanwa kifua.'" Akakunja uso. "Hiki nini?"

"Endelea, shemeji. Sioni."

"'Mwangalieni jamani, anazidiwa.'" Sauti yake ilipungua. "'Muuguzi: Kaa kwenye benchi mama, wanarekodi. Mwanamke: Fungueni tu mlango, muuone uso wake. Ni fundi wa friji, ana mtoto mmoja shuleni...'"

"Mbona umeacha?" mama aliuliza. "Soma."

Minong'ono ilikuwa imeanza. Daktari alisimama kutoka kwenye kiti chake. "Kuna kosa la kiufundi hapo. Binti, zima. Zima!" Profesa mwenye mvi aliinua mkono bila kugeuka.

"Hapana. Muziki ndio uzimwe. Tusikie."

Nukta aliuondoa muziki kwa kidole kimoja. Sauti ya mama yake ikajaa ukumbi wote, ikapanda hadi kwenye dari, sauti ya mwaka ule, ya mwanamke ambaye bado alikuwa na mume. Kisha ukutani Daktari akaacha kubonyeza, akageukia mlango. *Sista, wanyamazishe hao huko nje. Tunaanza upya.* Akajipangusa jasho. Akatabasamu. *Karibuni. Leo tunajifunza dakika za mwanzo, zile ambazo kila sekunde ni uhai.*

Hakuna aliyepiga makofi. Daktari alibaki amesimama katikati ya safu, magoti ya wageni huku na huku, hana njia ya kupita. Mwanga wa projekta ulikuwa umempata shavuni, na maandishi ya chini yalikuwa yanapita juu ya shati lake jeupe.

Mama aliinuka. Alikuwa mfupi, wa nyuma walilazimika kunyanyuka kumwona.

"Mwanamke wa nje ya mlango ndiye mimi," alisema. "Uliniambia nimechelewa."

Akaketi. Baba Mkubwa alikuwa ameutazama ubao wa sakafu kwa muda mrefu, kama anayetafuta kifungo kilichodondoka.

"Shemeji," alisema mwishowe.

"Nani?"

"Shemeji."

"Sikusikia vizuri. Mbele ya watu wa mtaani ulikuwa unaita kwa sauti."

*

Hospitali ilifanya kama zifanyavyo ofisi nyingi: ilitafuta shingo nyembamba. Kabla ya wiki kwisha, muuguzi wa mlangoni alisimamishwa kazi. Alikuja kwa mama akiwa amejifunga khanga ya kichwa hadi kwenye nyusi, akaanza kulia kabla hajavuka kizingiti. Alisema siku ile alibisha mlango mara mbili, akafokewa mara mbili, na kwamba alidanganya kwa sababu alikuwa na watoto. Mama hakumkumbatia. Alimsogezea kigoda, akamwacha alie mpaka amalize, akisubiri kama anavyosubiri pasi ipate moto.

"Wewe nitakuchukia polepole," alimwambia. "Lakini hutakufa badala ya Daktari."

Zana za karakana zilirudi kwa mkokoteni uleule. Baba Mkubwa alizishusha mwenyewe, jasho linamtiririka, wateja wawili wa mama wakiwa mlangoni. Mama alizikagua moja moja, akauliza kiti kiko wapi. Kiti kilikuwa kimevunjika. "Basi kitengeneze," alisema, akarudi kwenye cherehani. Baba Mkubwa akasukuma mkokoteni wake akaondoka. Kiti kilikuja baada ya siku chache kikiwa na mguu mpya.

Daktari alikuwa wa mwisho kuja. Alikuja kwa miguu, bila koti jeupe, akakalia kigoda kilekile cha wateja, magoti yakimfikia kifuani. Kamati ilikuwa imeanza kumchunguza, na kamati ilitaka kusikia familia inadai nini. Alianza kwa pole. Alisema alidhani ni kelele za kawaida za hospitali. Alisema kwa masomo yake mamia ya vijana walijua sasa kuokoa mtu, na hilo lilikuwa kweli, na mama alilikubali kwa kichwa.

"Nimeshaiondoa ile video, mama. Nitaifuta hata ile ya kwenye kamera. Hakuna atakayeiona tena."

"Nani kakuambia uifute?"

Daktari akababaika. "Nilifikiri... kwa heshima ya marehemu."

"Marehemu wangu heshima yake iko humo. Ndiyo pekee iliyobaki ya kuonyesha kwamba nilimpenda, nikamleta, nikalia. Ukiifuta, nami nitakufuta. Nitakwenda mpaka mahakama ya mwisho."

Nukta, aliyekuwa ameegemea mlango, hakujizuia. "Mama, waambie wamfukuze! Wamnyang'anye leseni. Si ndicho tulichotaka?"

"Ndicho ulichotaka wewe." Mama hakumwondolea macho mgeni. "Akifukuzwa, atapata kazi kwingine. Atawaambia watu alionewa na fundi cherehani. Mwaka wa pili atakuwa ameshaamini mwenyewe. Hapana. Mimi sitaki ufukuzwe, Daktari. Nataka ufundishe."

Akamwekea masharti bila kupandisha sauti. Muuguzi arudishwe kazini. Video irudishwe mahali pake, nzima, bila muziki, na maandishi ya Nukta yasiguswe. Na kila mwaka, wanafunzi wapya wanapoingia, somo lao la kwanza la dharura liwe hilo, na alifundishe yeye, kwa mdomo wake, asimpe msaidizi. Aeleze ni nani aliyekuwa nje. Aeleze alichosikia.

"Kila mwaka?" Daktari aliuliza.

"Mimi ni mjane kila mwaka."

Daktari alipoinuka kuondoka alikuwa kama mtu aliyevalishwa koti zito ambalo halina vifungo vya kulivulia. Kamati ilimvua ukuu wa kitengo, ikampa onyo kali. Ikaandika kwamba familia imeridhika. Mama alipoletewa neno hilo alicheka peke yake.

*

Wanafunzi wapya waliingia chuoni mvua zilipokatika. Darasa la kwanza la dharura lilijaa hadi madirishani, kila mmoja na simu mkononi, maana sifa za Daktari Kamera zilikuwa zimetangulia, nzuri na mbaya. Mama alikuja amevaa gauni alilojishonea, akaketi safu ya nyuma kabisa, kati ya vijana wawili waliodhani ni mwanafunzi wa elimu ya watu wazima. Nukta alikaa karibu naye. Hakualikwa, alikuja kuwa karibu na mama, na labda kumchunga.

Daktari aliingia, akamwona. Kalamu ikamponyoka. Aliiokota, akawasha projekta, akaanza kusema maneno ambayo ilionekana ameyafanyia mazoezi. Alisema somo la leo linamhusu mtu aliyefika kwa wakati. Alisema daktari aliyemo kwenye video alisikia. Kisha akabonyeza, akasogea pembeni na kuupa ukuta mgongo, akitazama viatu vyake.

Kwenye video, mwanamke alianza kubembeleza, kwa mbali, kama nzi ndani ya chupa. Vijana walikunja vipaji vya nyuso wakijaribu kushika maneno.

"Daktari," mama aliita kutoka nyuma, kwa adabu. "Huku hatusikii."

Daktari alinyanyua uso. Kwa kitambo alionekana kama angemwomba kitu, na darasa zima likageuka kumtazama mama mwenye gauni la maua. Nukta naye akageuka. Aliona mama yake anatabasamu, tabasamu tulivu lililokaa vizuri usoni, na akajikuta amemshika mkono, sijui kwa kumpongeza au kwa kumwomba atosheke.

Mama aliuacha mkono ushikwe. "Ongeza sauti," alisema.

Daktari akaenda kwenye kompyuta, akaongeza.

"Bado," alisema mama.